Tembo wa Tabora

"Tembo anahama leo," sauti ya Mkuu ilisema sikioni mwake. "Badilisha. Halafu mwache aende."

Truphena hangeweza kujibu. Alikuwa stendi ya mabasi ya Batha, katikati ya masanduku, mablanketi yaliyofungwa kamba na watu wa kila taifa, na mkono wake ulikuwa umeshikwa na mtu aliyekuwa akicheka.

"Rispah! Mbona umenyamaza hivyo? Hatuko matanga, mami. Naenda home!"

Rispah. Lilikuwa jina la kazi, na tangu afike Riyadh hakuna mtu wa mjini aliyemwita kwa jina jingine.

Aliyecheka aliitwa Shiro, msichana wa Nyahururu mwenye sweta nyekundu na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Walifanya kazi nyumba moja, huko Al-Murabba. Walilala chumba kimoja, wakapiga deki sakafu moja, wakagawana mafuta ya nywele. Shiro hakujua kwamba mwenzake ni afisa wa ujasusi aliyetumwa kutoka Nairobi. Hakujua kwamba kibanio cha nywele alichokuwa akikiazima kila Ijumaa kilikuwa na kinasa sauti ndani.

Bosi wao, Victor, alijitambulisha kwa watu kama muuzaji wa viyoyozi. Idara ya ujasusi ilimjua kwa biashara nyingine.

Silaha.

Kontena lake moja lilifichwa mahali fulani Jeddah, limejaa droni za kubeba mabomu, likingoja meli ya Mombasa. Aliyejua lilipo ni mtu mmoja tu, huko huko Jeddah, mtaa wa Sharafiya. Mtu huyo hakuamini simu, wala picha, wala sauti. Aliamini sarafu moja ya dhahabu. Ikimfikia mkononi, mzigo unaondoka.

Na sarafu hiyo ilikuwa ndani ya kopo la tende, ndani ya begi la Shiro.

Shiro aliambiwa ni zawadi tu. Aipeleke Jeddah kwa mzee mmoja, naye atampa pasipoti yake na tiketi ya ndege. Ruhusa hiyo ya kwenda kwao alikuwa ameiomba mpaka akachoka kulia.

"Nishikie begi, sis," Shiro alisema. "Nakimbia choo. Ukiona dereva anawasha, mshike shati!"

Akapotea katikati ya watu.

Truphena alifungua kopo. Alivunja donge la tende kwa vidole. Dhahabu ikang'aa. Tembo, mkonga juu, mlima nyuma yake.

Ndani ya soksi yake kulikuwa na tembo wa pili, aliyetengenezwa Nairobi. Bandia safi.

"Nimeiona," alinong'ona. "Nikibadilisha, nini kinafuata?"

"Wataigundua," Mkuu alisema. "Watahaha. Watakimbilia kontena kulihamisha. Tutawafuata."

"Na aliyeibeba?"

Mkuu akaanza kumtajia namba ya basi.

"Mkuu. Aliyeibeba?"

"Ni hasara ya kazi, Truphena. Timiza amri."

Alitazama mlango wa choo. Akatazama basi. Mfukoni mwake kulikuwa na tiketi ya Jeddah aliyoinunua jana yake bila kujiambia kwa nini. Moyo wake ulikuwa umeamua kabla ya kichwa.

Alitoa ile bandia kwenye soksi, akaitumbukiza ndani ya pipa la taka.

Akachukua begi. Akashusha nikabu. Akapanda basi.

Kwenye Samsung yake aliandika haraka kwa Timothy, mtu wao aliyeendesha teksi ya Camry mjini: *Stendi. Sweta nyekundu. Mpeleke ubalozini. Asirudi Murabba hata kama ni kwa nguvu.*

Basi lilianza kusogea ndipo Shiro akatoka.

Aliangalia pale walipokuwa wamesimama. Akageuka huku. Akageuka kule. Kisha akaona begi lake dirishani, juu ya mapaja ya mwanamke mwenye nikabu, na akayatambua macho.

"Rispah! Rispaaah!"

Alikimbia kando ya basi akilipiga kwa kiganja. "Rispah, passport yangu! Rispah, kwa nini?"

Truphena alitazama mbele.

Jangwa halina mahali pa kuweka macho. Siku nzima aliketi amelikumbatia begi la mwenzake. Lilinukia mafuta ya nazi na unga wa chapati. Ndani yake mlikuwa na viatu vya mtoto, vipya, bado vina karatasi. Alizima simu, akazima na kifaa cha sikioni ili asisikie Mkuu akifoka. Mwanamke wa kiti cha pili alimpa chungwa. Alilipokea akasema shukran, na hilo ndilo neno pekee lililomtoka kinywani hadi Taifu, barabara ilipoanza kushuka kuelekea baharini.

Sharafiya ilikuwa imechangamka kwa jua la jioni. Maduka ya simu, maduka ya kutuma pesa, harufu ya kuku wa kuchoma. Kwenye ngazi alikiwasha kifaa cha sikioni.

"Umerukwa na akili?" Mkuu alinguruma.

"Nasa sauti. Waweke polisi wa bandari tayari."

Alipanda. Alibisha. Akalegeza mabega, akainamisha kichwa, akawa mtumishi.

Mlango ulifunguliwa na jitu lenye kovu shavuni. Griffins. Mkenya, askari wa kukodiwa. Faili lake Idara lilikuwa nene. Nyuma yake, kwenye zulia, aliketi mzee mwembamba wa kanzu nyeupe na kofia ya kitambaa.

"Karibu, mwanangu, karibu," mzee alisema kwa Kiswahili laini cha Unguja. "Mie Mselem. Pole na safari. Ushakula?"

Swali hilo lilimchoma. Hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimuuliza.

"Bado, baba."

Mzee alimsogezea halwa na kahawa. Alimtazama akila chini ya nikabu, kama baba. Kisha akachukua kopo la tende, akatoa sarafu, akaifuta kwa kitambaa taratibu.

"Unajua hii ni nini?"

"Sijui, baba. Niliambiwa ni tende."

"Hii ilizaliwa vitani." Aliiweka kwenye mizani ndogo, akaitazama kwa kioo cha sonara. "Mwaka elfu moja mia tisa na kumi na sita. Mjerumani kabanwa. Manowari za Mwingereza zimeziba pwani yote, fedha haziji kutoka kwao, na askari wataka mshahara. Basi wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakaipeleka Tabora, kwenye karakana ya reli. Hapo ndipo palipogongwa sarafu. Mahali pa kutengeneza magurudumu ya treni! Tai upande huu, tembo upande huu, na herufi T ya Tabora. Kabla mwaka kwisha Mbelgiji keshauteka mji. Karakana ikanyamaza, ila tembo wakabaki." Akatabasamu. "Nawapenda. Wametengenezwa na watu wasiokuwa na pa kukimbilia. Wazee wangu nao walifika mji huu na nguo walizovaa tu, baada ya mapinduzi."

Ghafla aliinua mto. Sarafu ya pili ikatokea. Tembo yuleyule. Akazichanganya viganjani kama anayechezea kokoto, akazilaza zote mbili juu ya kitambaa.

"Haya, mwanangu. Ipi uliyokuja nayo?"

Griffins alisogea. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti.

Truphena aliijua. Ya kushoto. Ilikuwa na mkwaruzo mwembamba chini ya pembe ya tembo, na jicho lake liliuona kabla hajaliambia lisione. Miaka yote ya mafunzo ilikuwa ikimpigia kelele atoe jibu sahihi.

Shiro angejibu nini?

"Woi, baba," alisema, sauti ikitetemeka. "Si zote ni sawa? Mimi nataka tu passport yangu. Nina mtoto."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akacheka, akachukua ile ya kushoto.

"Angejua, angekuwa mtu mwingine," alimwambia Griffins.

Akapiga simu. Sasa alisema Kiarabu, haraka, bila kujificha, kwani mtumishi wa ndani anajua tu *yalla*, haya twende, na *halas*, yametosha. "Tembo amefika. Fungueni ghala la Khumra, lile la vipuri vya friji, mlango wa kijani. Pakieni leo." Akakata simu. Akamgeukia Griffins, bado kwa Kiarabu, bado anatabasamu. "Mpeleke binti baharini. Asiteseke."

Truphena alielewa kila neno.

Mzee alimpapasa kichwa. "Nenda na kaka huyu, mwanangu. Atakupeleka uwanja wa ndege."

"Asante, baba."

"Tumeipata," Mkuu alisema sikioni. "Khumra. Polisi wako njiani. Ondoka hapo."

Ngazi zilikuwa nyembamba. Griffins alimfuata nyuma, pumzi yake ikimgusa shingo. GMC nyeusi ilikuwa ikinguruma kwenye uchochoro.

Griffins alipenyeza mkono kwenye koti.

Truphena alijifanya amejikwaa.

Jitu likainama kumshika. Kiwiko kikampata kooni. Bastola ya Glock ikagonga ngazi. Griffins alimkamata nikabu, akamvuta, akambamiza ukutani. Nyota. Damu mdomoni. Vidole vinene vikamfunga shingo.

"We ni nani?"

Alichomoa kalamu yenye dawa ya usingizi kutoka mkono wa baibui, akamdunga nayo nyuma ya sikio. Sindano ikalia *tik*.

Griffins alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Kisha akaketi kwenye ngazi, taratibu, akalala.

Truphena aliokota Glock, akapanda tena.

Mselem alikuwa bado kwenye zulia, sarafu kiganjani. Aliiona bastola, akaona na damu. Hakusimama.

"Kumbe Kiarabu wakijua," alisema.

"Nakijua."

"Na sarafu ulikuwa waijua."

"Naijua."

Mzee alitikisa kichwa. Akampa sarafu bila kuombwa. "Basi halwa ulikula bure."

"Ilikuwa tamu, baba," Truphena alisema, na alimaanisha. Akamfunga mikono kwa waya wa plastiki, akachukua pasipoti ya Shiro iliyokuwa chini ya mto. Chini, ving'ora vilianza kulia.

Jioni hiyohiyo mlango wa kijani ulivunjwa. Kontena lilikuwa ndani, droni zimepangwa kama mayai. Victor alikamatwa Riyadh akiwa na koti mkononi, anasubiri lifti.

"Kazi nzuri," Mkuu alisema. "Japo umevunja amri. Sarafu ikabidhiwe kwa mtu wetu kesho."

"Shiro kwanza."

"Nini?"

"Hana tena kafili, mwajiri wa kumdhamini, na kituo cha polisi kitamwita shahidi mpaka nywele zigeuke mvi. Nitakuachia pasipoti yake na begi lake chini ya kiti cha teksi ya Jeddah utakayonitajia. Apande ndege. Nikisikia amepanda, utaiona sarafu."

"Unanitishia?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Kesho mchana," Mkuu alisema, akakata.

Kesho yake mchana Truphena alisimama Sharafiya chini ya kivuli cha duka la simu. Timothy alipiga kutoka uwanja wa ndege wa Riyadh.

"Ameingia ndani. Nimeona ndege ikiondoka. Begi lake pia lilifika, na vile viatu." Akasita. "Ameacha sauti. Alisema nikikukamata nikusikizishe."

"Sikizisha."

Sauti kubwa ya Nyahururu ilitoka kwenye simu, lakini leo ilikuwa ndogo.

"Rispah. Sijui ulikuwa na shida gani. Nilimwambia mum vile una roho safi, sasa sijui nitamwambia nini. Ungeniambia tu. Chochote ulitaka kwa hiyo bag, ungeniambia, ningekupa."

Ikaisha.

Kidole cha Truphena kilikaa juu ya kitufe cha kujibu. Sheria ya Idara ilikuwa moja: jina likizikwa, halisemi tena. Rispah alikwisha kufa kwenye stendi ya Batha, mwizi, na mwizi atabaki. Shiro yuko hai. Hesabu hiyo haikuwa na jibu jingine.

Alifuta sauti ile. Akatoa laini ya simu, akaivunja.

Mtu mwenye miwani ya jua alipita, akasimama karibu naye kana kwamba anatazama chaja za dirishani. Truphena alimtilia sarafu mkononi bila kumwangalia.

"Hongera," mtu yule alisema. "Una mahali pa kwenda leo?"

"Yalla, nenda zako."

Alirekebisha mtandio, akavuka barabara katikati ya teksi zilizopiga honi, akaingia ndani ya umati uliokuwa ukitoka kazini. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mara mbili.