Nani Analia Ndani ya Gari la Baba?

Sogeeni hapa, mkae vizuri. Huyu ni Tumpe, wa kule Tukuyu kwenye mvua nyingi. Ana mdogo wake ambaye hajamwona hata siku moja.

Mtoto alizaliwa kwa Bibi, upande wa pili wa mlima. Leo ametimiza siku arobaini. Leo Baba atakwenda kumchukua, yeye na Mama.

Lakini gari la Baba, jamani! Ni kuukuu, tena lina makelele.
"Kwiii! Kwiii! Kwiii!"
Kuku wakakimbia. Mbuzi akakata kamba.

Mama akapiga simu.
"Baba Tumpe, ndilo gari hilo ninalolisikia? Mtoto ndiyo kwanza ameanza kulala. Likilia hivyo, hatupandi ng'o!"

Tumpe akataka kulia. Alimtaka mdogo wake leo, leo hii.

Baba akafungua boneti. Ndani kulikuwa na mkanda mweusi, umezunguka magurudumu madogo. Magurudumu hayo huitwa puli.
"Hii naijua!" akasema Baba. "Niachieni mimi!"

Akachukua sabuni ya kufulia. Akausugua mkanda, sugu sugu sugu. Akawasha gari.
Kimyaaa! Baba akacheza, mabega juu, mabega chini.

Wakaondoka. Wakapita kwenye dimbwi, chubwii! Povu likafurika kwenye boneti.
"Baba, gari linaoga!"
"Kwiii! Kwiii! Kwiii!"

Wakarudi nyumbani.
"Hii naijua!" akasema Baba. "Niachieni mimi!"
Akafunga mkanda mpya kabisa, unang'aa. Akawasha.
"Kwiii! Kwiii! Kwiii!"
Maskini mbuzi, alikuwa ndiyo kwanza amefungwa. Akakata kamba tena.

"Baba," akasema Tumpe, "twende kwa fundi."
Baba akaguna. "Mh! Haya, twende."

Fundi Subilaga alikuwa chini ya lori. Akatoka, uso mweusi kwa grisi.
"Shikamoo, Fundi."
"Marahaba, mwanangu. Nani huyo analia?"
"Hii naij..." akaanza Baba.
"Shiii!" akasema Fundi. "Tusikilize kwanza."

Akamwagia mkanda maji kidogo.
"Kwiii!" Gari halikujali hata kidogo.
"Mkanda hauna kosa," akasema Fundi. "Ungekuwa nalo, maji yangebadilisha sauti. Zima gari."

Akautoa mkanda. "Haya Tumpe, tega sikio. Mimi nazungusha puli, wewe sikiliza."

Puli ya kwanza: srrrrr.
"Hii nzima," akasema Tumpe.
Puli ya pili: srrrrr.
"Hii nzima."
Puli ya tatu, ile ndogo kuliko zote: krr, krr, kwi!
Tumpe akaruka. "Ni hii! Ni hii!"

"Ndiyo yenyewe," akasema Fundi. "Imechakaa, tena inayumba."
Akaweka puli mpya, akarudisha mkanda. Baba akawasha gari.
Mmmmmm.
"Kumbe!" akasema Baba, akijikuna kichwa.

Wakafika kwa Bibi. Mama akapanda na mtoto. Akangoja. Akangoja.
"Baba Tumpe, mbona huwashi gari?"
"Mama, tunakwenda!" akasema Tumpe.
Mama akachungulia dirishani. Migomba ilikuwa inapita! Wakacheka, lakini polepole. Mtoto akalala njia nzima.

Jioni, Tumpe akalala kando ya mdogo wake. Mtoto akafumbua jicho moja. Akashika kidole cha Tumpe, akakibana.

"Mimi ndiye dada yako," akanong'ona Tumpe. "Umeningojesha sana wewe. Karibu nyumbani."