Kioo Kisichofunguka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta gari la baba yake kwa vitambaa viwili, kimoja kibichi na kimoja kikavu. Alianza na kioo cha mbele, akazunguka kwenye milango, akamalizia taa za nyuma. Baba yake alikuwa dereva wa teksi, na alipenda kusema kwamba abiria humhukumu dereva kabla hajaingia garini. Kwa hiyo Chiriku alifuta mpaka vishikio vya milango.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake kwa sababu ya mdomo. Alianza kusema akiwa na mwaka mmoja na, kwa maneno ya mama yake, hakupumzika tena. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu mama yake alipofariki, miezi minne iliyopita, majibu yake yalikuwa "ndiyo", "hapana" na "sijui". Watu waliendelea kumwita Chiriku hivyo hivyo, kwa mazoea.

Baba na binti waliishi kwenye ua wenye vyumba saba vya kupanga na bomba moja la maji. Langoni palikuwa na kibanda cha mlinzi, mzee aliyeitwa Babu Kirungu kwa sababu hakuliacha rungu lake hata alipokwenda kuoga. Wapangaji walimtania kwamba kwa miaka tisa rungu hilo halijampiga hata mende. Yeye aliwajibu kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe: mlinzi hodari ni yule ambaye rungu lake halina kazi.

Chiriku alikuwa na siri. Baba yake alipolala mchana baada ya safari ndefu, alichukua ufunguo uliotundikwa msumarini, akaingia garini na kuketi kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Hapo ndipo alipoketi mama yake siku walipompeleka hospitali kwa mara ya mwisho. Alikuwa akipumua kwa taabu, kichwa amekiegemeza pembeni, akasema, "Chiriku, mwanangu, nifungulie dirisha nipate hewa." Mkono wa kushushia kioo cha mlango ulikuwa umekatika siku nyingi. Chiriku akajaribu kukisukuma kile kioo kidogo kilicho nyuma ya mlango, lakini hakikusogea. "Hakifunguki, mama," akasema.  Mama hakurudi tena nyumbani.

Tangu siku hiyo wazo moja lilimchoma Chiriku: pengine kioo kile kilikuwa kinafunguka, ila yeye hakujua namna. Pengine hakusukuma kwa nguvu za kutosha, na mama akakosa hewa kwa ajili yake. Hakumwambia mtu yeyote jambo hilo, hata baba yake.

Jumapili moja mchana alishindwa kuvumilia. Alitoa bisibisi kwenye kisanduku cha mbele, akaichomeka kwenye ukingo wa kioo kile kwa ndani, akabenua kwa nguvu zake zote. Pa! Kioo kizima kikapasuka punje punje. Hakikuanguka, kwa sababu kilikuwa kimebandikwa karatasi nyeusi ya kuzuia jua, lakini kilivimba kuelekea nje na kuacha mwanya wa kupitisha vidole. Chiriku akarudisha bisibisi, akafunga gari, akakimbia kuutundika ufunguo mahali pake. 

Baba alipoamka na kutoka nje, alipiga kelele iliyowatoa wapangaji wote vyumbani.

"Nani kalifanya gari langu hivi? Chiriku, wewe ulikuwa nje. Umeona nini?"

Mdomo uliokuwa mzito kwa miezi minne ukawa mwepesi ghafla. "Ni Babu Kirungu," alisema. "Alirusha rungu akimfukuza paka."

Mzee alikuwa amesimama pale pale na ufagio mkononi. Alimtazama Chiriku kwa kitambo, kisha akamgeukia baba. "Mwanangu, mimi gari lako sijaligusa," akasema.  Mwenye nyumba, mama mmoja aliyeishi chumba cha kwanza, alitikisa kichwa. "Kuvunja ni bahati mbaya," alisema, "lakini mlinzi anayevunja kisha akakana, siku nyingine ataiba na kukana. Jumamosi saa nane mchana utanikabidhi funguo za lango, mzee."

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Chiriku ilikuwa ya siku sita, na kwake zilikuwa kama mwaka. Jumatatu mpangaji mmoja aliyezoea kumwachia Babu Kirungu mkoba wake alipita nao kwapani. Jumatano watoto walikatazwa kucheza karibu na kibanda. Babu Kirungu aliendelea kufagia na kufungua lango, lakini hakutaniwa na mtu. Chiriku akipita, alimwamkia huku akitazama chini, na mzee aliitikia kwa sauti ndogo. Kila jioni Chiriku alijiambia, "Kesho nitasema." Kesho ilipokuja, aliisogeza mbele.

Jumamosi asubuhi baba alipata habari kwamba kioo cha gari lake kimepatikana. Siku zote hizo alikuwa ameziba mwanya kwa nailoni, ikipigapiga njia nzima na kuwaudhi abiria. Akamchukua Chiriku, wakaenda kwa fundi.

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye aproni iliyojaa madoa ya gundi. Karakana yake ilikuwa na vioo vilivyoegemezwa ukutani kwa mistari, vikubwa kwa vidogo. Alibandua nailoni, akakitazama kioo kilichopasuka, kisha akamwambia baba avuke barabara akanunue gundi dukani, kwa kuwa yake ilikuwa imeganda.

Baba alipoondoka, fundi aliingiza waya mwembamba kati ya kioo na bodi, akawa anauvuta huku na huku kuikata gundi ya zamani. Mara akasimama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani.

"Ajabu," alisema, kama anayejisemea. "Baba yako ameniambia kimepigwa rungu kutoka nje. Kioo kikipigwa kutoka nje hubonyea ndani. Hiki kimevimba nje, na hapa chini pana mikwaruzo ya bisibisi."

Chiriku aligeuzia uso ukutani. Fundi alimtupia jicho mara moja tu, akaendelea na waya wake. "Mimi kazi yangu vioo," alisema. "Maneno yana wenyewe."

Baba aliporudi, fundi alikwangua mabaki ya gundi, akafagia punje zote zilizoingia kwenye kiti, akafuta ukingo kwa dawa na kusubiri ukauke. Kisha akazungushia gundi mpya, nyeusi na nene, akakiinua kioo kwa vikombe vya mpira vya kufyonza na kukikalisha mahali pake taratibu. Alikibana kwa utepe ili kisiteleze.

"Sasa sikiliza, baba Chiriku," alisema. "Gari hili halitoki hapa mpaka kesho. Na mtu asibamize mlango. Ukibamiza, upepo wa ndani unakisukuma kioo kabla gundi haijashika, tunaanza upya. Gundi ni kama uji wa moto, ukiwa na pupa unaungua wewe."

Baba akacheka, akaenda kunawa mikono kwenye pipa la maji nyuma ya karakana. Chiriku alibaki amekikodolea macho kioo kipya. Hatimaye swali alilolibeba miezi minne likamtoka.

"Fundi, kioo hiki kinafunguliwaje?"

"Hiki? Hakifunguliwi, binti. Hakina bawaba wala mkono. Kimegundishwa tangu kiwandani."

"Hata mtu akisukuma sana?"

"Hata wakisukuma watu kumi. Kitavunjika tu, hakitafunguka. Hakikutengenezwa kufunguka."

Chiriku alifunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa kwikwi mpaka mabega yakamtikisika. "Mama aliniambia nimfungulie dirisha apate hewa," alisema. "Nikashindwa. Nilidhani sikusukuma vizuri. Jumapili nikataka nione kama kinafunguka, ndiyo nikakivunja. Si Babu Kirungu. Ni mimi."

Alipoinua uso, baba alikuwa amesimama nyuma ya gari, maji yakimchuruzika mikononi. Alikuwa amesikia yote. Fundi aliokota vifaa vyake, akasogea upande wa pili wa karakana.

Baba alichuchumaa mbele ya binti yake. 

"Ule mkono wa kioo cha mlango ulikatika miezi miwili kabla," alisema. "Kila siku nilisema nitautengeneza kesho. Mama yako alipoomba hewa, nilikuwa nimeshika usukani, nikasikia. Unadhani nimelala vizuri tangu siku ile?"

"Kwa hiyo tungefungua angepona?"

"Hapana, mwanangu. Hilo nilimuuliza daktari kwa mdomo wangu. Aliniambia mapafu yalikuwa yamejaa maji. Hewa ilikuwepo, ila yeye hakuweza kuivuta. Hata tungeng'oa milango yote minne." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Nilidhani nikinyamaza nitakupunguzia uchungu."

 Kisha baba akaitazama saa ya ukutani, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa saa saba na nusu. "Chiriku," alisema, "mzee wa watu anaondoka saa nane."

Gari halikuweza kusogezwa, kwa hiyo walikwenda kwa miguu. Walipita mitaa ya maduka, wakakata njia kwenye uwanja wa shule, mara wakitembea, mara wakikimbia. Jua lilikuwa kali. Viatu vya Chiriku vilimbana na kisigino kikachubuka, lakini hakudiriki kulalamika.

Babu Kirungu alikuwa langoni, begi lake limefungwa kwa kamba, rungu limeegemezwa juu yake. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akimsubiri mwenye nyumba aje achukue funguo. Chiriku alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi.

"Babu, shikamoo. Nilisema uongo. Kioo nilikivunja mimi. Nisamehe."

"Marahaba," alijibu mzee.  "Nilikuona ukiingia garini siku ile," alisema. "Na siku nyingine zote. Nilijua unakwenda kumlilia mama yako, ndiyo maana sikukusema."

"Lakini siku uliposingiziwa ungesema, mzee wangu," baba alidakia. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, nani angemwamini mlinzi mbele ya mtoto aliyefiwa?" Mzee aligeuka kumtazama Chiriku. "Siku ya kwanza nilikuhurumia. Nikasema atakuja mwenyewe. Siku ya tatu nilikukasirikia, tena sana. Leo sina hasira. Nimechoka tu. Miaka tisa watu waliniachia funguo zao, na Jumatatu mama mmoja aliuficha mkoba wake nisiuone."

Baba akainamisha kichwa. "Na mimi nisamehe. Nilimuuliza mtoto, wewe sikukuuliza."

"Nimesikia," alisema mzee. "Lakini pole ya hapa langoni hainitoshi. Jina langu limechafuliwa mbele ya watu. Lisafishwe mbele ya watu."

Chiriku alimtazama baba yake, akitumaini kwamba atalibeba yeye jambo hilo. Baba akatikisa kichwa. "Nitasimama nyuma yako," alisema. "Maneno utayasema wewe."

Basi Chiriku alibisha hodi chumba baada ya chumba. Kwa mwenye nyumba sauti ilimkatika mara mbili, na mama yule akamwambia arudie kwa sauti ili wengine wasikie. Mpangaji mmoja alimfokea. Mwingine alimkumbatia, na hilo lilimliza zaidi ya kufokewa.  Yule mama wa mkoba alitoka moja kwa moja mpaka langoni, akaongea na mzee kwa sauti ya chini. Alipomaliza mlango wa mwisho, Chiriku hakuwa na sauti iliyobaki.

Mwenye nyumba hakuzichukua funguo. Aliomba radhi, na Babu Kirungu akakaa muda mrefu akiwaza, begi lingali miguuni. Kisha akalibeba polepole na kulirudisha kibandani. Hakutabasamu, wala hakuna aliyethubutu kumtania.

Baba na binti waliketi kwenye kizingiti cha chumba chao. Chiriku alivua viatu, na baba akakiosha kisigino chake kilichochubuka kwa maji ya bomba.

"Baba, atanisamehe kweli?"

"Amerudi ndani. Kusamehe kutachukua siku zake, na wewe usimharakishe," alisema baba. "Kumbuka hili, mwanangu. Uongo wako ulionekana mwepesi kwa sababu aliyeubeba alikuwa mtu mwingine. Kosa la kuvunja kioo fundi amelimaliza kwa asubuhi moja. Kosa la kumvunjia mtu heshima halina fundi, isipokuwa wewe mwenyewe na ukweli wako, tena ukisemwa mapema."

"Nimeelewa, baba."

"Na jambo jingine. Likikuuma lolote, hata la mama yako, hasa la mama yako, njoo uniambie. Usiogope kuniliza. Mimi nimekuwa nikilia peke yangu, na wewe peke yako, tumelala chumba kimoja miezi minne."

Chiriku alimwegemea begani. Akaanza kumsimulia siku ile ya hospitali tangu mwanzo, kila kitu, neno kwa neno, mfululizo bila kupumzika, na baba yake akamsikiliza huku akilia, wala hakuyaficha machozi yake.