Chumvi ya Papa Kétsia

Apa kwanza. Gusa ulimi, gusa udongo, useme: nikimwambia mtu, maziwa yangu yagande chunguni. Umesema? Vizuri. Na mimi niliapa hivyohivyo mbele ya jirani yangu Athanasie, akaridhika, masikini, akasahau kwamba mimi maziwa nayapenda yakiwa yameganda. Basi sogea, na mlango uusukume kidogo.

Ilianza na kiti. Asubuhi moja, ukungu ungali umelala juu ya Nyamitaba, Athanasie alitoka nje akakuta ng'ombe wa baba yake mdogo, Papa Sebahire, ameingiza kichwa uani. Maganda ya ndizi yalikuwa palepale, hakuyagusa. Alikuwa analamba kiti cha mbao alichokalia mume wake jana jioni. Alilamba mgongo wa kiti, akalamba mahali pa kuwekea mikono, alilamba mpaka rangi ikatoka.

"Toka, weye mulafi!" Athanasie alimfukuza akicheka.

Mume wake, Théophile, tuliyemwita Papa Kétsia kwa jina la mtoto wake, alikuwa mtu wa Butembo aliyeoa kwetu Masisi na kufungua butiki pale sokoni. Vitenge vyake alivifuata mbali, baharini kabisa, kwenye mji mkongwe wa nyumba za mawe na milango ya kuchongwa. Kila safari alikawia kuliko biashara ilivyotaka, na kila akirudi alikuja na wimbo uleule, majirani wote tuliujua kwa moyo: "Kule hakuna mwezi mubaya! Kiangazi, mvua, mwaka muzima batu banatembea tu kwa muchanga. Siku moja nitabakia."

"Utabakia na nani?" Athanasie alikuwa akimchokoza.

"Na mutoto wangu Kétsia. Weye ubakie na ngombe za kwenu."

Safari hii alirudi bila wimbo. Aliketi. Akiulizwa habari za bahari, alitazama ukuta.

Halafu ikaja harufu. Nyumba ya Nyamitaba inanuka moshi na maziwa, njo kawaida yetu; hii ilikuwa harufu ya samaki mbichi na majani yaliyooza majini. Ikaja habari ya viatu: ilikuwa kiangazi, barabara vumbi tupu, lakini kila asubuhi viatu vya Théophile vilikuwa vimelowa ndani, na vikikauka vilibaki na mstari mweupe pembeni.

"Ao ameleta muke wa kule?" aliuliza Céline, jirani yake, kwenye bomba la maji.

"Céline, punguza sauti. Kama ingekuwa muke, ningemupiga, ningelala. Hii haina mahali ya kupiga."

Maana usiku uliotangulia alikuwa ameweka sikio juu ya kifua cha mume wake, kama alivyozoea tangu arusi, akingoja ule mgongano mdogo wa moyo ambao ulimletea usingizi, na hakuusikia, alisikia kitu kikubwa kikipanda taratibu, shwaaa, kikinyamaza, kikirudi chini kikikokota mawe madogo madogo, shwaaa, kikipanda tena, kana kwamba ndani ya mbavu zile hamkuwa na mtu bali mahali, mahali papana pasipo taa, na yeye amesimama ukingoni peke yake.

Kulipokucha mume akapanga safari ya Jumapili, akasema, "Dimanche, kisha misa, nitapeleka Kétsia akaone bahari."

"Na masomo yake?"

"Kule hakuna mwezi mubaya."

Alisema bila furaha, kama mtu anayefikisha salamu alizopewa. Kétsia, mtoto wao wa pekee, alirukaruka. Athanasie alikwenda chumbani kukunja shuka. Mto wa mume ulikuwa umelowa. Akaugusa kwa kidole, akakiweka kidole ulimini.

Haikuwa chumvi ya jasho. Ilikuwa chumvi kali, ile ya jiwe wanalolamba ng'ombe. Njo hapo akakikumbuka kiti.

Alipanda kilima mpaka kwa Sebahire.

"Papa, usibape ngombe chumvi mupaka dimanche."

"Unataka binibomolee lupango, bivunje uzio wote? Juu ya nini?"

"Kama ile mutu iko bwana yangu kweli, ngombe batamupita tu. Kama haiko yeye..." Mzee akalirudisha jiwe la chumvi ndani ya nyumba, akafunga.

Dimanche, misa ilipokwisha, watu wote walikuwa nje ya kanisa, wanasalimiana na kusengenyana. Mimi pia, ningekosaje? Moto, pikipiki ya kukodi, ilikuwa inangoja barabarani. Théophile alimshika Kétsia mkono.

"Mama," mtoto akasema, "mukono ya papa iko baridi."

Athanasie alitoa bidon, dumu tupu la maji, chini ya kitenge chake, akaipiga kwa jiwe: ko, ko, ko. Kila mtoto wa wafugaji wa Masisi anaujua mlio huo. Unaita ng'ombe kwenye chumvi. Mtu wa Butembo hakuwahi kujali kuujua, na kile kilichovaa uso wake hakikuujua pia. Kilisimama tu, kikitabasamu.

Ng'ombe wa Sebahire walishuka kilima wote. Walipita kati ya watu, waliwapita akina mama waliobeba ndizi, hawakugeuka. Walimzunguka Théophile wakaanza kulamba, shingo, masikio, mkono ulioshika mtoto, na sisi sote tukaona, abbé, padri wetu, akiwa na mkono hewani katikati ya ishara ya msalaba, vidole vile vikiisha chini ya ulimi kama jiwe la chumvi linavyoisha, bila damu, vyeupe ndani mpaka mwisho, hadi Kétsia akajikuta ameachiliwa kwa kuwa hakukuwa tena na cha kumshika.

Athanasie alimvuta mtoto nyuma yake. "Weye ni nani? Bwana yangu iko wapi?"

Kile kitu hakikukimbia. Kingekimbilia wapi? Kilifungua kinywa, na sauti ikapanda kutoka mbali, ikikokota mawe.

"Iko anatembea kwa muchanga. Aliomba mwaka muzima, nikamupa. Sasa anasikia upweke, njo amenituma nimuchukulie mutoto."

Ng'ombe mkubwa wa Sebahire akanyoosha shingo, akakilamba midomo mpaka ikaisha, na sauti nayo.