Moshi Uliopita Tura

Mwezi wa nane, anga la Ulyankulu, mkoani Tabora, huwa jeupe kama maji ya mchele. Tarsisi na mkewe Veridiana walikuwa wakulima wa tumbaku. Binti yao, Esperansi, alikuwa na pumu. Asubuhi hiyo aliketi kitandani, mabega juu, akitafuta pumzi.

"Gervasi tena!" Tarsisi alifoka. "Anachoma kitalu!"

Kabla ya kusia mbegu za tumbaku, wakulima hulundika matawi juu ya kitalu na kuyachoma, ili magugu na wadudu wafe.

Jirani yao Gervasi alijibu kutoka uani kwake: "Na wewe jana ulichoma nini? Ubani?"

Veridiana alikuwa akipanga nguo za mtoto begini. "Kesho nampeleka Tura kwa bibi yake. Kule hewa ni safi."

Mhudumu wa afya, Apolinaria, alifika akampa Esperansi dawa ya kuvuta. Pumzi ilipotulia, akatoa simu.

"Kabla ya kupanda treni, tazameni."

Kwenye kioo kulikuwa na ramani, na wingu la kahawia lilitambaa juu yake kutoka mashariki. Likaifunika Tura, likapita Tabora mjini, likafika kwao.

"Yesu wangu! Nani kapiga picha hii?"

"Si picha, Mama Espe. Ni hesabu. Setilaiti huona moto porini. Kompyuta hupewa taarifa za moto huo na za upepo, ikakokotoa moshi utafika wapi, hata kesho."

"Kumbe upepo una njia," Veridiana alinong'ona, "na mtu ameweza kuihesabu!"

Tarsisi hakuamini. Akampigia mama mkwe wake Tura.

"Shikamoo, mama. Hewa ya huko ikoje?"

"Marahaba. Acha tu, mwanangu! Jua limekuwa jekundu kama pilipili. Tunakohoa wote."

Tarsisi akakata simu, akawaeleza.

Veridiana akazitoa nguo za mtoto begini. Hakuna safari.

Wiki iliyofuata, kwenye simu ya Tarsisi, ramani ilionyesha hewa safi. Tarsisi, akidhani hakuna tena hatari, akachoma kitalu kingine nyuma ya nyumba. Kabla ya jioni Esperansi alibanwa kifua. Apolinaria akaitwa tena.

"Ramani yako imetudanganya!" Tarsisi alilalamika.

"Hapana, kaka. Inaigawa nchi katika miraba mikubwa. Mraba mmoja humeza kijiji kizima na mashamba yake. Moshi mwingi wa mbali inaukadiria vizuri. Moto mdogo wa nyuma ya nyumba haiuoni. Huo uone wewe."

Tarsisi akachukua ndoo ya maji. Gervasi naye akaja na yake, wakauzima moto pamoja.

"Msichome tena," Apolinaria aliwashauri. "Lowesheni udongo, ufunikeni kwa nailoni inayopitisha mwanga, wiki kadhaa. Jua litaupika, na magugu mengi yatakufa."

Wakafanya hivyo, wote wawili. Tangu hapo, ramani ikionyesha moshi wa mbali, Veridiana hufunga madirisha mapema na kuweka dawa karibu.

Jumapili moja walitoka kwenda kanisani. Esperansi alitangulia mbio hadi juu ya kilima, akageuka.

"Baba, harakisha!"

Tarsisi alitaka kujibu, lakini pumzi zilikuwa zimemwishia yeye.