Vidonge vya Mkoba wa Mama

Seremala huyu walimwita Jabali, na kweli mwili wake ulijaza mlango. Mbao alizibeba peke yake, msumeno haukumtisha. Lakini kiti cha daktari wa meno alikikimbia mara mbili! Gego likaoza, shavu likavimba, na mama yake akamkorogea uji siku nne.

Mara ya tatu walikwenda pamoja. Daktari hakumcheka.

"Usione haya, kaka. Wengi wanaogopa. Jumatatu nitakupa kidonge cha kutuliza hofu, utakimeza hapa hapa kliniki. Njoo na mtu wa kukurudisha. Na usimeze dawa nyingine bila kuniambia."

Mama alisikia yote. Jumatatu asubuhi akamtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kidonge kimoja kwa mwili wote huu? Kitapotelea humo!"

Akafungua mkoba, akammezesha vidonge vyake viwili vya usingizi.

Kule kliniki, Jabali alianza kusinzia kwenye benchi.

"Kuna dawa yoyote amemeza leo?" nesi aliuliza, kidonge cha daktari mkononi.

Mama aliona aibu, akaufunga mkoba wake vizuri. Nesi akamwinamia Jabali ampe kidonge.

"Ngoja, nesi!" Mama alipiga kelele. "Nimempa vyangu. Vya usingizi. Viwili!"

Daktari alikuja mbio. Akampima mapigo ya moyo, akahesabu pumzi zake.

"Mama, vyako na changu vingekutana, angeweza kuacha kupumua."

Mama alipigwa na butwaa. Akakaa sakafuni.

"Mimi? Nimuue mwanangu mwenyewe?"

"Umesema mapema. Umemwokoa."

Walimwangalia mpaka akazinduka vizuri. Jabali akarudi nyumbani na gego lake.

Wiki iliyofuata, kabla hajaulizwa, Mama aliupindua mkoba mezani: kitana, leso, pipi tatu. Kidonge hata kimoja hakikuwemo.

Jabali alimeza kile cha daktari tu. Hofu ikatulia. Hakulala fofofo, aliitika alipoitwa. Akachomwa sindano ya ganzi, gego likang'olewa.

Baadaye akauliza, "Mnaanza saa ngapi?"

"Limeshatoka," nesi alisema. "Dawa hiyo husahaulisha."

Jabali alishika shavu, macho yakamtoka.

"Limetoka? Basi naenda karakana, nina meza ya kumalizia."

"Kwa msumeno, na dawa bado mwilini? Nesi amesema upumzike mpaka kesho!"

Mama akachomoa funguo za karakana mfukoni mwa Jabali, akazitia mkobani na kufunga zipu.