Hodi ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Chiriku alipotoka kwenda kununua balbu. Ile ya chumbani kwake ilikuwa imeungua, na mwanamke aliye peke yake katika jiji la ugenini hapendi giza, hata ajifanye jasiri vipi.

Dukani aliongea kwa mikono. Alionyesha dari, akafumba macho, akayafumbua. Muuza duka akacheka, akampa balbu. Chiriku naye akacheka, lakini rohoni alitaka kulia. Tangu ashuke kwenye ndege hakuwa amesikia neno hata moja la lugha yake, isipokuwa kwenye simu. Alikuwa msusi, tena msusi wa haja, na jina la utani la Chiriku alilipata kwa mdomo wake: kwao mteja alisukwa na kupewa habari za mtaa mzima kwa bei ileile. Huku, katika saluni iliyomwajiri, alisuka vichwa vya watu kimya kama anayeshona magunia.

Hata na mama mwenye nyumba walielewana kwa ishara tu. Siku alipompokea, bibi yule aligonga mlango wa chumba kwa kidole, akajiziba mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa. Akarudia tena, uso umekaza. Chiriku akaelewa kwamba wapangaji hawatakiwi kupiga kelele.

"Haya, mama, nimekusikia," alimjibu huku akicheka.

Kumbe hakuwa amesikia kitu.

Sasa alikuwa amepanda juu ya kiti, anapapasa gizani kuifunga balbu yake...

Ngo, ngo.

"Hodi..."

Mkono ukaganda. Sauti ilikuwa ya mwanamke, laini, ya mtu mzima. Alidhani ni upweke unamchezea.

"Hodi..."

Lo! Lugha yake! Kwao mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, huenda zake. Moyo ukamdunda kwa furaha. Aliogopa jambo moja tu, mgeni asije akaondoka.

"Hodi..."

"Karibu! Pita, pita ndani!"

Akaruka chini, akafungua mlango.

Hapakuwa na mtu.

Korido ilikuwa tupu mpaka mwisho. Kulikuwa na harufu tu... harufu ya nywele zilizoungua. Chiriku alinusa mikono ya gauni lake, akajiambia ni kazi tu hiyo. Akafunga mlango, akamalizia kuifunga balbu, akawasha taa. Harufu ikabaki ndani.

Ili kujituliza, akampigia mama yake. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu siku nyingi. Aliishi peke yake, na watu aliwatambua kwa sauti. Chiriku aliondoka na wasiwasi huo, na kila jioni aliuliza swali lilelile.

"Mama, komeo unafunga?"

"Nafunga, we mtoto! Simfungulii mtu nisiyemjua sauti. Ila yako hiyo, hata nikiwa usingizini nitaitambua. Mbona leo inakwaruza?"

"Vumbi tu, mama."

Wakacheka wote wawili.

Nyuma ya sikio la Chiriku, mtu akavuta pumzi.

Aligeuka. Kitanda, kiti, ukuta. Akalala taa ikiwaka.

Kulipokucha, koo lilikuwa limekauka. Mchana, pale saluni, sauti ikawa ya kunong'ona. Jioni alipokuwa akipanda ngazi, alikutana na mama mwenye nyumba, akajaribu kumsalimu. Bibi akamshika kidevu, akamtazama kooni, akamnusa nywele. Kisha akarudi nyuma, mkono kifuani.

Akagonga ukuta kwa kidole. Akajiziba mdomo. Akatikisa kichwa polepole, machozi yakimlengalenga.

Halafu akaongeza jambo ambalo siku ile hakulionyesha. Alimgusa Chiriku kooni, akakunja ngumi kama aliyenasa kitu, akaipeleka ngumi ile mbali, mbali kabisa, kule Chiriku alikotoka.

Ndipo Chiriku alipoelewa. Hapa, asiyeonekana akibisha hodi, hajibiwi.

Alipanda ngazi mbio. Chumbani alisimama, akanusa. Ile harufu haikuwepo tena, na hilo lilimtisha kuliko yote. Akachukua simu. Ujumbe wa maandishi ungemfaa nini mtu asiyeona? Alikuwa bado na mnong'ono wake.

"Haloo? Chiriku?"

"Mama, usi..."

Mnong'ono ukakatika.

"Mbona sikusikii? Ongea, mwanangu... Hebu ngoja, kuna mtu mlangoni."

Ngo, ngo.

"Hodi..."

Ilitokea mbali, nyuma ya mama. Sauti nyembamba, yenye kicheko ndani yake. Chiriku aliijua. Alizaliwa nayo.

"Hodi, mama..."

"He! Mtoto huyu! Kumbe unanipigia ukiwa hapo nje?" Mama alikuwa anacheka kwa furaha.

Chiriku aligonga simu kwa kucha. Alipiga ukuta kwa ngumi. Alifungua mdomo mpaka taya zikauma, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Haikutoka hata sauti ya kukohoa.

"Hodi..."

"Karibu, mwanangu! Pita, pita ndani!"

Komeo likavutwa. Mlango ukalia. Kisha mama akasema, sasa kwa sauti ya chini:

"Mh... mbona unanuka nywele zilizoungua?"

"Ni kazi tu hiyo, mama," sauti ya Chiriku ikajibu.

Simu ikakatika.