Redio Iliyonyamaza Tibirinzi

Msimu wa karafuu, mjini Chake Chake hapana pa kutia mguu. Wachukuzi wanapita na magunia, wanawake wa Pujini wanabishana na wenye maduka bei ya kanga, na harufu ya karafuu inamfuata mtu mpaka ndani ya chai yake. Humo ndimo Khairiya, mwalimu wa skuli ya wasichana, alimokuwa akijipenyeza asubuhi moja ya mwaka wa hamsini na tisa, buibui lake jipya likinukia udi, viatu vyake vyeupe vikikwepa tope. Alipofika kwenye kibanda cha fundi redio alisikia kitu kikikwaruza, kikikatika, kikikwaruza tena. Mwengine angepita zake. Khairiya alikuwa na maradhi ya kuuliza tangu utotoni, na dawa yake haijapatikana.

"Hodi, fundi. Hiyo inayokwaruza ni redio mbovu?"

Fundi akainua kichwa. Jina lake Ngwali, kijana mrefu, kofia ya viua kaisukuma kisogoni, mikono ya shati imejaa vitundu vilivyochomwa na risasi ya kuungia waya.

"Karibu, mwalimu. Redio nzima. Nadhani hilo ni jua."

"Jua liko juu, fundi."

"Liko juu, na humu limo. Mwanga unaouona weye na sauti inayokuja kwenye waya huu, vyote mawimbi, baba mmoja mama mmoja. Ya mwanga mafupi mno, ya redio marefu. Jua linatoa yote. Jicho linapokea yale mafupi, waya wangu unapokea haya marefu. Nimesoma kwamba Ulaya wamejenga masikio ya chuma, makubwa kuliko msikiti, wanalisikiliza jua na nyota."

"Zinasemaje?"

"Hazisemi. Zinavuma tu."

"Basi kama wanaume wa barazani."

Ngwali akacheka mpaka kofia ikaanguka. Khairiya akaondoka akijitia haraka, lakini moyo wake aliuacha pale kibandani, na yeye mwenyewe alilijua hilo kabla hajafika kona ya soko.

Tangu hapo maswali yalizidi. Duka la nguo jirani na kibanda lilikuwa na simu, na ofisi ya skuli ilikuwa na simu, na mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kutoka nje kila mara.

"Ngwali, n'kuulize. Nyota nyengine nyekundu, nyengine nyeupe. Kwa nini?"

"Tazama chuma cha mhunzi, roho yangu. Kikianza kupata moto huwa chekundu. Kikizidi, cheupe. Kingeweza kuzidi tena, kingegeuka buluu. Na nyota vivyo hivyo."

"Na weye umefika rangi gani?"

"Mie buluu nishaipita. Nilipo hapaonekani kwa macho."

Muuza nguo alikohoa kwa makusudi, Ngwali akakata simu. Mwezi haukuisha, mjomba wa Ngwali akaenda Tibirinzi, kwao Khairiya, kuposa.

Mzee Jaribu, baba yake Khairiya, alikuwa mtu wa heshima zake na mwenye redio kubwa ya mbao. Hakukataa wala hakukubali. Alisema jibu watalipata baada ya Ijumaa, kwani Ijumaa alikuwa na shughuli: mtoto wa dada yake angesoma Kurani redioni asubuhi, kutoka Dar es Salaam. Kaalika mtaa mzima. Redio yake akampelekea Ngwali aitazame, na Ngwali akairudisha ikiimba vizuri.

Ijumaa ilipofika watu walijaa ukumbini mpaka barazani, kanzu zimepigwa pasi, haluwa na kahawa vinazunguka. Khairiya alikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Mtangazaji akalitaja jina la kijana. Mzee Jaribu akanyoosha mgongo. Hapo redio ikanyamaza.

Haikukwaruza. Hata ule mvumo wake wa siku zote ulikwisha, kimya kama kisima.

Ngwali, naye akiwa mmoja wa walioalikwa, akafungua mgongo wa redio mbele ya macho ya watu. Valvu, zile taa ndogo za ndani, zote zilikuwa zinawaka. Akageuza, akagonga, akavuta waya, jasho linamtoka.

"Mzee, sioni kibovu," alisema mwishowe. "Nadhani… ni jua."

Watu walicheka. Aliyecheka zaidi ni Ahmada, jirani mwenye ulimi usiojua likizo. "Jua lipo kila siku, yakhe. Leo limeshuka kuizima redio ya Jaribu peke yake?"

Jioni ikaja simu ya maandishi kutoka Dar: kijana kasoma vizuri, mji mzima umesikia. Basi kosa halikuwa la kituo. Ahmada akapita akisema fundi katoa valvu nzima, katia kongwe. Mzee Jaribu akaigeuzia redio yake ukutani, akaifunika kitambaa cha meza.

"Simpi mwanangu mtu anayelisingizia jua," alisema. Hayo ndiyo yakawa majibu ya posa.

Jumamosi Khairiya alipiga simu, na laiti asingepiga.

"Ngwali, n'kuulize."

"Uliza."

"Valvu za baba… ni zile zile?"

"Weye ndiye waniuliza hilo?"

"Nauliza tu."

"Weye huulizi tu, Khairiya. Ukiuliza kitu huwa ushakifikiria." Akaiweka simu.

Alilia siku ile, akalia na ya pili. Alimpenda Ngwali, na alijua kamchoma mahali pasipopona upesi. Siku ya tatu, darasani, watoto wanaandika, jua limeingia dirishani na kulala juu ya meza yake, likamjia swali ambalo lingepaswa kuja kwanza. Jua hili linawaka Tibirinzi peke yake? Kama kweli lilizima redio, lingekwendaje kuchagua nyumba?

Mapumziko yalipofika aliomba posta imuunganishe na Wete. Huko alikuwapo Mwatima, mwalimu mwenzake, aliyesoma naye.

"Mwatima, redio yenu Ijumaa asubuhi ilikuwa ikisema?"

Mwatima akashusha sauti. "Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa na mtu. Nauliza."

"Ilizima, shoga yangu. Mbele ya wakwe. Mume wangu kasema habari hii isivuke kizingiti. Na lawama kanipa mie, ati nimeifuta vumbi kwa kitambaa kibichi."

"Ilikwaruza kabla?"

"Hata kukwaruza. Watu walipokwisha ondoka ikarudi yenyewe, kama haikufanya kitu. Lakini nistiri, Khairiya."

Khairiya akaomba Mkoani, kwa shangazi yake Bi Mwanapili, mkunga wa hospitali.

"Shikamoo, shangazi. Ijumaa redio yenu ilinyamaza?"

"Marahaba. Mwanangu, usinikumbushe. Mjomba wako kasema mbuzi katafuna waya. Tushamuuza."

"Waya ulikuwa umetafunwa?"

"Sasa waniuliza mie? Mwenye kujua ni mbuzi, na yuko Makoongwe kwa aliyemnunua."

Khairiya akaiweka simu, akacheka peke yake na machozi yanamtoka. Kisiwa kizima kiliaibika saa moja, na kila nyumba ikaifunika aibu yake ikidhani ni ya peke yake.

Hakungoja skuli itoke. Alifika kibandani mchana kweupe, watu wanapita, ncha ya buibui kaishika mkononi. Ngwali hakuinua kichwa.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Nilikutilia shaka, na hukustahiki."

Ngwali aliendelea kuunga waya.

"Wete nako ilizima."

Mkono wake ukasita. "Wete? Na mvumo nao ulikatika?"

"Nao."

"Saa ile ile?"

"Ile ile. Na Mkoani pia. Mkoani wameuza mbuzi."

"Mbuzi kafanya nini? Hebu kaa hapa." Alikwisha msogezea kigoda, macho yanawaka. "Kila mahali palipokuwa na jua, basi. Lazima iwe hivyo."

"Lakini Dar walisikia. Hapo ndipo nnapokwama."

"Walio karibu na mlingoti wimbi linawafika kwa chini, moja kwa moja. Sisi wa mbali letu hupanda juu sana, likagonga mbingu ya juu, likarudi kwetu. Jua likilipuka linatoa mawimbi mafupi kuliko ya mwanga, hayaonekani. Yakiipiga mbingu ile, haiturudishii tena wimbi letu, inalimeza. Na mvumo inaumeza." Akakumbuka, akakunja uso. "Kwani mie nilikuwa nimekasirika."

"Kasirika, n'nangoja."

"Nilikasirika kwa kuwa hata mie sikuwa na hakika. Nililitaja jua kwa kubahatisha. Ulipouliza, nikaona basi, nimebaki peke yangu."

"Hukubaki," alisema Khairiya. "Nilichelewa tu."

Usiku ule alimweleza baba yake, ila majina hakuyataja, maana aliombwa sitara. Mzee Jaribu alisikiliza hadi mwisho, akachukua taa yake, akaenda kulala. Khairiya hakujua alale na tumaini au na hofu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, barazani pale pale kwa Mzee Jaribu, watu walikuwa wanakunywa kahawa. Khairiya alikuwa dirishani. Baba yake akaweka kikombe chini.

"Ijumaa ile redio yangu ilizima," alisema. "Fundi aliniambia kweli, nami nikamwacha achekwe mbele yenu. Basi nasema mbele yenu: nilikosa."

Mzee mmoja akasema, akitazama kahawa yake: "Na yangu ilizima. Watoto waliobaki nyumbani waliniambia."

"Na yangu," akasema mwengine.

Wote wakamgeukia Ahmada. Akajikuna kidevu. "Mke wangu alinambia nilipofika nyumbani," alisema. "Nikaona nisitiri."

Mzee Jaribu aligeuka dirishani, kama aliyejua siku zote nani yuko pale. "Mwanangu, yule fundi wako. Waambie watu wake waje."

Khairiya alikimbilia simu ya skuli bila ya hata kufunga buibui vizuri. Muuza nguo akapokea, akaita, na Khairiya akasikia pumzi za Ngwali.

"Baba kakubali. Kasema waje."

Ng'ambo ya pili kikaanguka kitu cha chuma.

"Ngwali? Upo?"

"Nipo," alisema. "Sema tena. Polepole."